Deni la Nani Hulipwa kwa Nyumba ya Nani?

Kwa muda mrefu sasa barazani mwetu pamekuwa na mashindano ya maneno juu ya wakimbizi wa Falastini na wakimbizi wa Kiyahudi. Mmoja husema: Waarabu wa Falastini wapatao 700,000 walitolewa au walikimbia makwao katika mwaka 1948, na Umoja wa Mataifa, kwa azimio lake nambari 194 la tarehe 11 Disemba mwaka ule, ukasema kuwa wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe, na wasiotaka walipwe mali yao. Mwingine humjibu: Na Mayahudi zaidi ya 800,000 waliotoka Baghdad, Sanaa, Cairo, Tripoli na kwengineko katika miaka iliyofuata, wao je? Hapo watu hutazamana, kahawa ikapoa, na mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba swali la pili limelijibu la kwanza. Sisi twasema halikulijibu.

Hila hii ina tarehe yake. Mwezi wa Machi 1951 Serikali ya Iraq iliizuia mali ya Mayahudi waliojiandikisha kuihama nchi. Siku chache baadaye Moshe Sharett, Waziri wa Mambo ya Nje wa Israel, akatangaza kuwa thamani ya mali ile itatiwa katika hesabu ya fidia ambayo Israel ingewalipa Waarabu wa Falastini. Itazameni hesabu hiyo, ndugu wanachama. Mwenye duka wa Baghdad amenyang'anywa duka lake. Mwenye michungwa wa Jaffa amenyang'anywa shamba lake. Kisha wakubwa wakaichukua hasara moja wakaifuta kwa hasara ya pili. Wanyonge wote wawili hawakupata hata senti, wala hapana aliyewauliza.

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya mbali. Aliyepata kusafiri kwa njia ya Iringa kwenda Mbeya amepita Ifunda, na alipofika Makambako hakuwa mbali na Kidugala, katika nchi ya Wabena. Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Kijarumani. Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajarumani wa Tanganyika walikamatwa na kufungiwa, wengi wakafukuzwa, na mali zao zikatiwa mkononi mwa msimamizi wa mali za adui. Tangu mwaka 1942 wakaanza kufika Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, ambao Urusi iliwatoa makwao mwaka 1940 na 1941 ikawapeleka Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Uajemi hata wakafika pwani yetu. Mamia yao wakawekwa Kidugala na Ifunda. Mwaka 1945, huko Yalta, wakubwa watatu wa dunia wakaiachia Urusi nchi waliyotoka. Vita vikaisha nao hawana pa kurudi. Wengi wakaishia Uingereza, Canada na Australia.

Je, ungethubutu kumwambia mama wa Kipolandi aliyelala katika nyumba ya mchungaji wa Kijarumani kwamba kitanda kile ndiyo fidia ya nyumba yake ya Lwów? Au kumwambia mchungaji kuwa nyumba yake imelipwa kwa machozi ya mama yule? Mama hakumtoa mchungaji, wala mchungaji hakumtoa mama. Na Mbena, ambaye nchi ile ilikuwa yake kabla ya wote wawili, nani alimwuliza?

Fidia ya Wapolandi ilikuja, lakini tazama ilivyokuja. Mtu mmoja aitwaye Broniowski, aliyerithi dai la nyumba ya bibi yake ya Lwów, aliishitaki Poland mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akashinda mwaka 2004. Mwaka 2005 ikatungwa sheria ya kuwalipa wenye madai kama yake ishirini kwa mia ya thamani. Miaka sitini, na moja ya tano! Lakini hata moja hiyo ya tano ilipatikana kwa kuwa mtu alisimama kwa jina lake na karatasi zake.

Mbeya nayo ina jambo lake, tena la juzi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, walitolewa Ihefu, katika bonde la Usangu, wakapelekwa na ng'ombe wao mikoa ya Lindi na Pwani. Ilisemwa kuwa mto Ruaha Mkuu unakauka na umeme wa Mtera na Kidatu unapungua, ijapokuwa wataalamu walikwisha kuonyesha kuwa mifereji ya mashamba ya mpunga ilikuwa ikiyachukua maji yale zaidi kuliko ng'ombe. Mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa juu ya ardhi ile, ikapindukia kilomita za mraba 20,000. Watu hawa hawakuvuka mpaka wa nchi, kwa hivyo hapana azimio linalowataja. Hasara ya taa za mjini ilifutwa kwa zizi la mtu. Ni hesabu ile ile ya 1951.

Twarejea kwetu, na hapa maneno yetu hayatawapendeza wote. Mwaka 1964 watu walivikimbia visiwa hivi, majumba na mashamba yakachukuliwa kwa amri, na mashamba yakagawiwa wakulima eka tatu tatu. Januari 2001 zaidi ya 2,000 walikimbia Pemba wakaangukia Shimoni, Kenya. Wamo kati yetu wanaowalilia wa 2001 na kuwacheka wa 1964, na wamo wa kinyume chake. Wamo pia wanaotaka mkulima wa eka tatu atolewe kesho asubuhi. Mkulima huyo ndiye mama wa Kidugala: alikaa alipowekwa. Mdaiwa ni Serikali iliyotia sahihi amri. Kurudi kwa mmoja na kukaa kwa mwengine kutagombana, hatukatai. Hapo ndipo fidia ina kazi, na achague mwenye haki, asichaguliwe.

Kwa hivyo kila tawi na lifungue daftari. Liandikwe jina la mdai, mahali, idadi ya miti au vyumba, na mwaka aliotolewa. Safu ya mwisho iwe ya jina la anayekaa hapo leo, na nani aliyempa.