Walimu wa fizikia wafike Mandera

Nje ya mji wa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, hakuna taa za kufifisha nyota. Mchungaji anayelala malishoni na ngamia wake huiona galaksi yetu ikikata anga nzima, na wazee wa Kisomali wamezisoma nyota hizo tangu jadi ili kujua majira ya mvua ya Gu na Deyr. Lakini mtoto wa mchungaji huyo anaweza kumaliza shule bila kupata mwalimu wa fizikia wa kumweleza nyota hutokana na nini.

Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi, hasa haidrojeni. Wingu likipoa, uvutano wake wenyewe hulibana hadi kiini kiwake. Fumbo ni kwamba kazi hiyo huenda polepole: galaksi yetu ina gesi ya kuunda mabilioni ya majua, ila kwa mwaka hutoa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili tu. Nyota kubwa hutoa mionzi na upepo mkali, kisha hulipuka na kuitawanya gesi iliyosalia. Ili kulifumbua fumbo hilo, watafiti huandika milinganyo ya mwendo wa gesi, uvutano na joto, kompyuta huikokotoa, na majibu hulinganishwa na yanayoonekana angani.

Kazi hii haihitaji darubini ijengwe Mandera. Antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT huko Karoo, Afrika Kusini, zilizozinduliwa mwaka 2018, hupima haidrojeni ya galaksi za mbali. Kenya ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa SKA, mradi mkubwa zaidi wa darubini za aina hiyo. Kinachohitajika ni hisabati, kompyuta na intaneti.

Wapo watakaouliza: kaunti yenye kiu ina haja gani na gesi ya angani? Fizikia ya mwendo wa gesi hiyo ndiyo msingi wa kutabiri mvua na mafuriko. Mandera iliyokosa mvua misimu mfululizo, kisha ikasombwa na maji mwishoni mwa 2023, inawahitaji wenye ujuzi huo.

Walimu wa Mandera waliondoka kwa sababu zinazojulikana. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao walimu. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo la kaskazini mashariki. Hatumlaumu mwalimu aliyeokoa maisha yake. Tunalaumu pengo kuachwa wazi miaka yote hii.

Serikali ya kitaifa ilinde barabara na shule. Kaunti itenge basari za vijana wake wanaosomea ualimu wa fizikia na hisabati, na Chuo Kikuu cha Garissa kiwape nafasi. TSC nayo iwaajiri wakihitimu, na iwapange nyumbani kwao. Bila hao, mkondo wa sayansi katika sekondari ya juu utakuwa jina tu kwenye fomu ya mwanafunzi wa Mandera.