Meli za Lisbon na Msiba wa Ruvuma

Wako wanaoamini kwamba nchi isiyo na ugomvi na mtu haiwezi kuingia vitani mpaka ivamiwe. Imani hiyo ni ya hatari. Nchi nyingi huingia vitani kwa hisani wanazowafanyia marafiki zao, moja leo na moja kesho, hata siku inayofika ya kukataa inakuta neno la kukatalia limekwisha. Naomba tukitazame kisa cha Ureno katika Vita Kuu ya Kwanza, maana gharama yake ililipwa hapa kwetu, kwenye kingo za mto Ruvuma.

Vita ilipolipuka Agosti 1914, Ureno haikuwa na sababu ya kupigana na Ujerumani. Ilikuwa jamhuri changa iliyomwondoa mfalme wake mwaka 1910, hazina yake tupu, wanasiasa wake hawapatani. Ila ilikuwa na hofu kubwa juu ya makoloni yake. Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha kukaa faraghani mara mbili, mwaka 1898 na tena mwaka 1913, wakapanga namna ya kugawana Angola na Msumbiji endapo Ureno itaelemewa na madeni. Na huyo Mwingereza aliyekaa kupanga ndiye rafiki wa Ureno wa tangu karne ya 14, kwa mkataba uliokuwa bado na nguvu. Baadhi ya viongozi wa Lisbon wakaona kinga pekee ni kuwa upande wa mshindi siku mikataba mipya itakapoandikwa.

Basi Ureno haikutangaza kwamba haimo vitani, wala haikutangaza kwamba imo. Uingereza ndiyo iliyoiomba ikae hivyo, na katika kukaa hivyo mlango ukabaki wazi. Bunduki za jeshi la Ureno zikapelekwa Afrika Kusini kuwasaidia Waingereza. Upande wa pili, mwezi huohuo wa Agosti 1914 Wajerumani walivuka Ruvuma, uliokuwa mpaka kati ya koloni lao na Msumbiji, wakashambulia kituo cha Wareno cha Maziua. Desemba wakawapiga tena Naulila, kusini mwa Angola. Damu imemwagika mara mbili, na bado balozi wa Ujerumani yuko Lisbon na wa Ureno yuko Berlin! Hali ya namna hiyo haiwezi kudumu, na mwenye kuiita amani anajidanganya.

Kilichoimaliza ni meli. Vita ilipoanza, meli nyingi za biashara za Wajerumani zilikimbilia bandari za Ureno kuzikwepa manowari za Kiingereza, zikatia nanga mto Tagus mbele ya mji wa Lisbon na hazikuondoka tena. Mwaka 1916 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa meli, kwa kuwa nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha shehena zake baharini. Februari ile ikaiomba Ureno rasmi, kwa jina la urafiki wao wa kale, izitwae meli hizo. Tarehe 23 mabaharia wa Ureno, chini ya Kamanda Leote do Rego, walipanda meli moja baada ya nyingine, wakateremsha bendera ya Ujerumani na kupandisha ya kwao. Sehemu kubwa ya meli hizo ilikodishwa kwa Waingereza. Tarehe 9 Machi 1916 Ujerumani ikatangaza vita.

Hebu tujiulize: Ureno ingeweza kukataa siku ile? Nadhani ingeweza miezi kumi na minane kabla, kwa kutangaza wazi kwamba haina upande na kumtendea kila mgeni kwa sheria moja. Februari 1916 ilikuwa imechelewa. Aliyekwisha kutoa silaha atasema nini akiombwa meli? Ni kweli wako waliotaka vita kwa moyo wao, na Waziri Mkuu Afonso Costa alikuwa mmoja wao. Wenye nia hiyo hawasukumwi, wanangoja kuombwa tu.

Sasa turudi Ruvuma. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, kipembe kidogo cha ardhi kusini ya mdomo wa mto, ambacho Wajerumani walikuwa wamewapokonya mwaka 1894. Wakapata moyo. Mwaka huohuo wakavuka mto na kuingia Newala, lakini wakazingirwa na kufukuzwa kabla ya mwisho wa Novemba. Vijana waliotolewa Ureno walikufa zaidi kwa malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, akikimbizwa na Waingereza, alivuka mto akiwa na askari wenye njaa na risasi za kuhesabu, akaiangukia kambi ya Wareno pale Ngomano. Aliteka bunduki, risasi na chakula kiasi cha kuwavisha silaha mpya askari wake, akazunguka kaskazini mwa Msumbiji hadi Septemba 1918. Jeshi lililokuwa karibu kuishiwa lilipata uhai kutoka ghala la Wareno.

Na nani aliyebeba mizigo? Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengine wengi walitolewa mashambani kwa nguvu wakafanywa wapagazi, mazao yao yakaliwa na majeshi ya pande zote. Huko bonde la Zambezi, kukamatwa watu kwa ajili ya upagazi kulikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Barue wa mwaka 1917, uliozimwa kwa ukatili mkubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kuhusu meli za Lisbon. Vita ilipokwisha, ardhi mpya ambayo Ureno ilipata kwa mkataba ni Kionga ileile.

Ndugu zangu, nchi zetu za pwani zina bandari nzuri, na wakubwa wanaogombana wanazihitaji. Wanapoomba kutia nanga, kujenga kituo au kupitisha silaha, maneno yao huwa matamu na fedha huwa karibu. Lakini tumewahi kukataa: mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoiondolea Tanzania msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano na Ujerumani Mashariki, Mwalimu Nyerere aliwaambia wachukue na msaada uliobaki. Uamuzi huo ulituumiza mfukoni, na mimi nasema ulikuwa wa haki. Wabunge wetu na waidai serikali kila mkataba wa bandari na wa kijeshi, wausome hadharani kabla ya kutiwa saini, na waulize jambo hili: mgeni huyu akiingia vitani kesho, sisi tumejifunga kumpa nini? Wakikosa jibu lililoandikwa, wasipige kura ya ndiyo.