Mnasubiri Valvu Iharibike Ndio Mtupe Fomu

Wandugu wa Nateete, na ninyi wenye vizibao mnaokuja kutupiga picha, leo tunasema wazi.

Kila mara ni ile ile. Binti anachoka akipanda ngazi, miguu inavimba, usiku analala ameketi juu pumzi inakata. Mama anaambiwa valvu ya moyo imeharibika, lazima upasuaji. Basi WhatsApp inajaa picha, tunachanga elfu mbili-mbili, barua inapelekwa ofisini. Jibu: si dharura, ngojeni. Akizidiwa: mmechelewa. Sasa ile siku ya katikati ni ipi?

Na sisi pia tuna kosa, tusijidanganye. Mara nyingi ugonjwa huu unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, tunampa chai ya tangawizi, tunasema yameisha. Kumbe bakteria wa koo wanaweza kuufanya mwili uushambulie moyo wenyewe, na ikirudia-rudia valvu zinakakamaa au zinavuja. Tena tunalala watu saba kwenye mzigo mmoja (chumba cha kupanga hapa kinaitwa hivyo, na kweli ni mzigo). Koo la mmoja ni la wote.

Dawa ipo. Kule Gulu walichukua watoto 818 ambao picha ya moyo ilionyesha ugonjwa kabla hawajajisikia wagonjwa. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Waliochomwa, 3 tu hali yao ilizidi. Wasiochomwa, 33. Hayo yalichapishwa mwaka 2021, si siri. Inauma hiyo sindano, watoto wanakimbia, lakini ni penisilini tu, dawa ya zamani!

Halafu mnaongea upasuaji kama vile ndio mwisho. Uganda Heart Institute pale Mulago wanafungua moyo, tunawaheshimu sana. Lakini mwenye valvu ya chuma anameza wofarini maisha yote, anapima damu kila mara, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Nani atamlipia nauli na vipimo mwaka wa tano? Kwenye fomu zenu hatujaona mstari wa kuandika hilo.

Tunataka penisilini isikosekane kituo cha afya, mtu wa kututafsiria, na ekografi ya moyo kwa watoto wetu shuleni. Kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari tutafanya wenyewe, bure kama kawaida. Jumamosi tunaanza upande wa sokoni. Nyinyi mtakuja na sindano, ama na kamera tena?