Hoteli inauzwa na vitanda vyake. Michango ya wafanyakazi je?

Wadau, juzi jioni nilikuwa Jaws Corner nakunywa kahawa na jamaa yangu mmoja anayefanya kazi kwenye hoteli ya pwani ya mashariki. Uso umemshuka. Ametoka kuangalia taarifa ya michango yake ZSSF na kukuta miezi 14 haina kitu. Slipu zake za mshahara za miezi hiyo hiyo zinaonyesha amekatwa. Hoteli iliuzwa mwaka jana, na meneja mpya anamjibu: "Hayo kamuulize tajiri wa zamani." Tajiri wa zamani kesharudi kwao Ulaya.

Siku ya makabidhiano walihesabu vitanda, viyoyozi mpaka sahani. Miezi 14 ya mtu hakuna aliyeihesabu.

Sasa hebu tuangalie mwaka 2015. Kule Uingereza maduka ya BHS yaliuzwa kwa pauni 1. Ndiyo, moja. Mwaka huo huo hapa kwetu, Millicom, waliokuwa wenye Tigo, walikubaliana na Etisalat kununua asilimia 85 ya Zantel kwa dola 1. Kwa nini bei ya kashata? Kwa sababu anayenunua kampuni hununua na mzigo wake. Zantel ilikuwa na madeni ya kama dola milioni 74, na mnunuzi akayabeba.

BHS ilikufa mwaka uliofuata. Watu wapatao 11,000 wakapoteza kazi na mfuko wa pensheni ukabaki na pengo la pauni milioni 571. Aliyeiuza, Philip Green, alibanwa na Bunge na wasimamizi wa pensheni mpaka mwaka 2017 akakubali kutoa pauni milioni 363.

Kwenye mauzo ya Zantel simtuhumu mtu. Ninachosema ni hiki: deni la benki halisahauliki kampuni inapouzwa, kwa sababu benki ina wanasheria na imekaa mezani. Deni la mfanyakazi nani analikalia?

Mtaniambia Zanzibar si Uingereza. Kweli. Mfuko wa BHS ulikuwa wa kampuni yenyewe. Sisi ZSSF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1998 na iko nje ya mikono ya mwajiri. Pesa ikishafika huko, hoteli ikiuzwa mara kumi haiguswi. Ukipita Michenzani Mall unaiona kwa macho, maana jengo lile limejengwa na mfuko huo. Maradhi yetu yako kabla ya hapo: pesa imetoka kwenye mshahara, haijafika mfukoni, na katikati mwajiri kabadilika. Muuzaji anasema nimeshauza, mnunuzi anasema sikuikata mimi. Wote wawili wanalala usingizi.

Najua wapo watakaosema usiwabane wawekezaji, watakimbilia Mombasa. Jamani! Mnunuzi makini huja na wanasheria wake, akakagua ardhi, kodi, mpaka bili ya umeme. Barua moja zaidi itamtisha vipi? Atakayetishika ni muuzaji mwenye deni, na huyo ndiye tunayemtaka.

Kwa hiyo mimi nataka mambo matatu. Kwanza, umiliki wa hoteli au kampuni usihamishwe mpaka ZSSF itoe barua ya deni la michango, jina kwa jina, mwezi kwa mwezi. Kwa walio chini ya NSSF huko Bara iwe hivyo hivyo. Pili, deni hilo likatwe kwenye bei kabla pesa haijaondoka Unguja. Tatu, barua hiyo ibandikwe pale wafanyakazi wanapolia chakula, isifungiwe kwenye droo ya meneja.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini, usidhani haya ni ya wahudumu wa hoteli tu. Benki zinauzwa, kampuni za simu zinauzwa. Zantel hiyo hiyo na Tigo zilikwenda kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagascar mwaka 2022, na tangu 2024 jina ni Yas. Tajiri wako wa leo si lazima awe wa kesho. Kaombe taarifa ya michango yako wiki hii, uilinganishe na slipu zako. Ukisubiri ufike miaka 60, utamdai mtu ambaye hata kwake hukujui.

Naomba kuwasilisha.