Profesa akisema, muamini akiumia: nani anaamua katika oditware?

Mujini Lubumbashi, kijana mumoja anaweza kutoka kwenye misa ya asubuhi, mwengine kwenye musikiti, mwengine kwenye maombi ya usiku muzima katika kanisa ya uamsho, na wote watatu wakakaa kwenye benchi moja ya oditware ya Kasapa, kampisi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Profesa anaingia. Kama ni antropolojia, anaweza kulinganisha habari ya uumbaji ya Biblia na hadithi za Waluba. Kama ni biolojia, ataeleza evolisio. Kama ni sheria, siku moja atafika kwa wachungaji wenye kushitaki watoto ulozi. Wengine wanaandika, wengine wananyamaza, na nyuma kunasikika sauti: « Huyu anatukana Mungu wetu. »

Mambo hayo hayako ya Lubumbashi tu. Bukavu, Kisangani, Bunia, Kalemie, popote vijana wetu wanasoma, swali ni lile lile: wakati somo linaumiza imani ya mutu, nani anaamua kama mwalimu aendelee ao anyamaze?

Tuanze na sheria. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 1 kwamba inchi yetu haifuate dini yoyote. Kifungu cha 22 kinamupa kila mutu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Kifungu cha 23 kinamupa uhuru wa kusema mawazo yake, kwa mudomo, kwa maandishi na kwa picha. Kifungu cha 46 kinalinda utafiti wa kisayansi. Lakini uhuru huo wote uko na kamba: kuheshimu sheria, usalama wa watu na desturi njema. Maneno « desturi njema » ni marefu kama mupira, kila mukubwa anaweza kuyavuta upande wake. Hata hivyo, hakuna kifungu chenye kusema mutu ana haki ya kutosikia neno lenye halimupendeze.

Tena kuna masomo ambayo Katiba yenyewe inatuelekeza. Kifungu cha 41 kinakataza kushitaki mutoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 juu ya kulinda watoto inatoa malipizi kwa mwenye kufanya vile. Profesa wa sheria atafundisha namna gani kifungu hicho bila kusema kwamba mara nyingi mashitaka yanatoka ndani ya vyumba vya maombi? Mwanafunzi ambaye muchungaji wake anafanya vile ataumia. Lakini akinyamaza profesa juu ya kumuhurumia huyo mwanafunzi, kesho ni mutoto wa barabarani atalipa, kwa sababu hakimu na mwanasheria wa kesho hawakufundishwa.

Katanga iko na historia ndefu ya maneno yenye kuchoma wakubwa wa dini. Mwaka 1945, hapa Élisabethville, kulichapishwa kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Wabantu. Huyo Mufransisko alisema Wabantu wako na falsafa yao wenyewe. Leo linaonekana neno la kawaida, lakini wakati wa ukoloni lilimukasirisha Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mukubwa wa kanisa Katoliki la Katanga. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, na ikapita miaka mbele ya kurudi Katanga. Leo kitabu hicho kinasomwa na kubishaniwa katika masomo ya falsafa, na wengi wanaokipinga ni Waafrika wenyewe. Kitabu kilipata jibu lake kwa njia ya vitabu vingine, na hiyo ndiyo kazi ya chuo.

Kiisha ikafika zamu ya serkali. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre. Mwaka 1974 teolojia ikaondolewa katika chuo hicho, Noeli ikaacha kuwa siku ya mapumziko, na shule za makanisa zikachukuliwa na serkali, mpaka mapatano ya mwaka 1977. Wale waliofurahi kuona kanisa linanyamazishwa hawakukaa na furaha siku nyingi. Usiku wa tarehe 11 kufikia 12 mwezi wa tano 1990, watu wa serkali wenye silaha waliingia kwenye kampisi ya Lubumbashi na kuua wanafunzi. Hesabu ya wafu inabishaniwa mpaka leo. Mwaka 1995, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilihukumu Zaïre. Katika uamuzi ule ule ilitaja mateso ya Mashahidi wa Yehova na kufungwa kwa vyuo vikuu. Uhuru wa kuamini na uhuru wa kusoma vilivunjwa na mukono mumoja. Muamini na profesa wasisahau hilo wanapotazamana kama maadui.

Tuangalie inje kidogo. Mwaka 2022, kwenye chuo cha Hamline, Marekani, mwalimu wa historia ya sanaa alionyesha picha ya kale ya Mutume Muhammad, iliyochorwa na Waislamu katika karne ya 14. Alikuwa amewaonya wanafunzi mbele. Mwanafunzi mumoja alilalamika, wakubwa wa chuo wakaita tendo hilo chuki juu ya Waislamu, na mwalimu hakupewa tena kazi. Kiisha mashirika fulani ya Waislamu yenyewe yakasema haikuwa chuki, na wakubwa wakarudi nyuma juu ya lile neno. Chuo kilihukumu mbele ya kusikiliza.

Mahali pengine matokeo yalikuwa kifo. Huko Sokoto, Nijeria, tarehe 12 mwezi wa tano 2022, mwanafunzi Deborah Samuel aliuawa na kundi, wanafunzi wenzake wakiwa ndani, juu ya ujumbe wa sauti aliotuma katika grupu ya WhatsApp ya darasa. Ufaransa, mwaka 2020, mwalimu Samuel Paty alikatwa kichwa kiisha habari ya somo lake kuzungushwa kwenye intaneti. Mutoto aliyeleta habari hiyo nyumbani hakukuwa hata darasani siku ile. Katika visa hivyo viwili, moto ulienea kupitia simu. Na kwetu pia, kila mwanafunzi iko na simu mukononi.

Sasa turudi Kasapa. Watu wanaposema uhuru katika oditware, wanafikiri uhuru wa profesa. Lakini profesa ndiye mwenye mikrofoni na ndiye mwenye pointi. Mwanafunzi anayeona imani yake inachekwa ananyamaza, juu anaogopa sesheni ya pili. Akinyamaza ndani, atasema inje, na inje hakuna wa kumujibu kwa hoja. Basi uhuru wa kweli unapimwa hivi: mwanafunzi anaweza kunyoosha mukono, kusema « Profesa, hapo sikubali », na pointi zake zikabaki salama? Kama jibu ni hapana, profesa asijiite mutetezi wa uhuru.

Kuna tofauti pia kati ya kuchunguza imani na kuchafua mutu. Kusema « hadithi hii ilifanana na ingine ya kale » ni somo. Kusema « ninyi watu wa kanisa ile ni wajinga » ni matusi, hata kama yanatoka kwa mutu mwenye doktora. Upande mwengine, kuelewa mafundisho na kuyajibu kwenye ekzame si kuyaamini. Mwanafunzi anaweza kueleza evolisio vizuri na kubaki na imani yake.

Chuo cha kanisa, kama kile cha Kikatoliki cha Bukavu ao ULPGL ya Waprotestanti ya Goma, kiko na msingi wake, na mwenye kujiandikisha anaujua. UNILU ni ya serkali, ni ya wote. Huko hakuna dini yenye kufunga somo, na hakuna profesa mwenye kugeuza somo kuwa mahubiri, ya kuitetea dini ao ya kuipinga.

Njia haiko ngumu. Profesa aseme tangu siku ya kwanza mambo mazito yatakayoguswa, na kwa nini. Mwenye kuumia apitie kwa mukubwa wa promosio, kiisha departma, kiisha doyeni, mbele ya kurekodi na kutuma. Doyeni asikilize pande zote mbili, aandike jibu, asiongojee mpaka bishop, imamu ao polisi wafike mulangoni. Na wazazi, munapopokea sauti ya dakika moja kutoka kampisi, muulize kwanza: mwenye kutuma alikuwa ndani ya oditware?