Witeithie maana yake jisaidie: simu yako nayo ikuache ujisaidie

Kati ya Juja na Thika kuna mtaa unaitwa Witeithie. Kwa msomaji asiyejua Kikuyu, jina hilo ni kama kumwambia mtu, "jisaidie mwenyewe". Tunalipenda kwa sababu linagusa swali ambalo sisi tulio kwenye kazi ya malipo ya simu hatuwezi kulikwepa: je, mteja anaweza kuangalia salio, kutuma na kupokea pesa bila kumpa mtu mwingine simu amshikie?

Msimamo wetu tunautoa mapema. Simu inayoongea, yaani inayokusomea kilicho kwenye skrini na kusikia unachoiambia, si mapambo ya watu wenye simu za bei. Ni sehemu ya usalama wa pesa zako. Pesa ambazo lazima usomewe na mtu mwingine si siri yako tena.

Tuanze na hali ilivyo. M-PESA ilipozinduliwa hapa Kenya mwezi wa Machi 2007, kila kitu kilikuja kwa maandishi madogo: menyu, namba za kuchagua, meseji ya kuthibitisha. Kwa wengi wetu hiyo ilitosha. Lakini fikiria cucu mwenye mtoto wa jicho ambaye ametumiwa elfu tatu na kijana wake aliye Nairobi. Simu inalia, meseji imeingia, lakini haoni. Anaenda dukani kwa ajenti, anampa simu na kumwambia, "Hebu niangalilie." Ajenti anauliza PIN. Cucu anaitaja, tena kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake.

Hapo hakuna mwizi bado. Ajenti anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Shida ni kwamba kuanzia siku hiyo usalama wa pesa za cucu unategemea tabia za watu, na watu ni wengi: ajenti wa leo, wa kesho, mjukuu, jirani, na yule kijana aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya anasoma bei ya unga.

Na si cucu peke yake. Kuna mzee ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule, anajua hesabu zake vizuri kichwani lakini meseji ndefu inamchanganya. Kuna fundi wa ujenzi ambaye vidole vimekuwa vigumu kwa saruji na skrini haimsikii vizuri. Kuna mama mboga mwenye mikono imelowa, mteja amesema ashalipa, na yeye anataka kujua haraka kama pesa imeingia kweli au ameonyeshwa meseji ya uongo. Wote hawa wanafaidika na simu inayosema, "Umepokea shilingi mia mbili."

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 330,000 nchini wenye ulemavu wa kuona. Hao ni wale waliohesabiwa hivyo tu. Ukiongeza wazee ambao macho yanafifia polepole na hawajiiti walemavu, unaona kwamba hili si jambo la watu wachache walio mbali.

Watu wa upande wetu huu wana sababu nyingine ya kulijali. Ukipanda matatu kutoka Witeithie, safari fupi tu inakufikisha Thika, mahali ambapo Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1946. Katika shule hizo za wasioona za Thika ndiko shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009 na Irene Mbari-Kirika, lilianza kuweka maabara za kompyuta zinazoongea. Mwanafunzi asiyeona anakaa mbele ya kompyuta, anavaa vifaa vya masikioni, anaandika na kusoma kwa kusikiliza. Kwa hivyo mtu akituambia kwamba teknolojia hii ni ya Ulaya na Marekani, tutamwambia apande matatu ya Thika. Ujuzi uko hapa nyumbani.

Tena huenda uko mfukoni mwako. Simu nyingi za Android huwa na TalkBack, kisoma skrini ambacho Google ilikileta mwaka 2009. Mwaka huohuo iPhone ilipata VoiceOver. Kwenye Android, nenda Mipangilio, halafu Ufikivu, halafu TalkBack. Ukiiwasha, simu inabadilika kidogo: ukigusa kitu mara moja inakisoma, ukigusa mara mbili ndipo inakifungua, na kushuka chini kwenye ukurasa unatumia vidole viwili. Usiogope siku ya kwanza ukiona simu kama imekataa kutii. Unaweza pia kuweka njia ya mkato, kwamba ukibonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde kama tatu, TalkBack inawaka au kuzima. Mfumo wa Google wa kusoma maandishi una sauti ya Kiswahili. Ichague, usije ukasomewa meseji ya Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu.

Wateja wengine wanapinga, na hoja yao ina uzito: "Mnataka simu yangu inisomee salio kwa sauti ndani ya matatu? Si hapo ndio nitaibiwa?" Ni kweli, sauti inasikika. Lakini dawa yake ipo. Tumia vifaa vya masikioni, hata vile vya bei ya chini vya kando ya barabara. Kwenye TalkBack kuna sehemu ya kuchagua kama nywila zisomwe kwa sauti au la. Iache imezimwa, ili zisisikike isipokuwa umevaa vifaa vya masikioni. Unaweza hata kupunguza mwangaza wa skrini kabisa, maana wewe hutumii macho, na hapo aliyekaa kando yako haoni kitu. Mtu anayesikiliza salio lake masikioni, skrini ikiwa giza, ana siri kuliko mimi na wewe tunaofungua simu zetu wazi kwenye stage.

Linganisha na njia ya kawaida. Mtu ambaye PIN yake inajulikana na watu watano hana siri ya kulinda. Kwa hivyo swali la kweli si kama sauti ina hatari. Swali ni kama hatari hiyo inazidi ile ya kumtegemea kila mtu.

Hata hivyo kuna mahali sisi tunaweka mpaka. Sauti kukusomea ni jambo moja. Sauti yako kuwa ndiyo kufuli ni jambo lingine. Mwaka 2018 Safaricom ilileta Jitambulishe, huduma ya kumtambua mteja kwa sauti yake anapopiga simu kuomba msaada. Wazo hilo lina faida kubwa kwa mtu asiyeona au asiyeweza kusoma, kwa sababu hakuna kitu cha kuandika. Lakini siku hizi kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kutoka kwa rekodi fupi. Na wewe mwenyewe ukiwa na homa, sauti yako inabadilika. Kwa maoni yetu, sauti itumike pamoja na kitu kingine, kama PIN au alama ya kidole, isiachiwe mlango wa pesa peke yake. Na ukipigiwa na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja akikuomba useme PIN "ili mashine ikutambue", kata simu. Hakuna mashine halali inayohitaji utamke PIN yako.

Kuna pia suala la lugha. Pale Witeithie mtu anaanza sentensi kwa Kikuyu, anapita kwa Kiswahili, anamalizia kwa Sheng, na kila mtu amemwelewa. Msaidizi wa sauti aliyefundishwa kwa Kiswahili cha redioni atabaki ameduwaa. Ukimwambia "tumia mathe soo mbili", sijui atamtumia nani. Ndiyo maana tunaunga mkono kazi kama Common Voice ya Mozilla, ambapo watu wa kawaida hurekodi sentensi za Kiswahili kwa hiari ili kompyuta zijifunze sauti zetu. Mpaka siku mashine itakapotuelewa vizuri, amri yoyote ya kutuma pesa kwa sauti lazima irudie kwanza jina la mpokeaji na kiasi, halafu ingoje mteja akubali. Ikikosea jina la wimbo, utacheka. Ikikosea mia mbili kuwa elfu mbili, mtoto analala njaa.

Na wenye kabambe je? Wasisahaulike, maana hapo ndipo wazee wetu wengi walipo. Kabambe haina TalkBack, na menyu za USSD zinajifunga zenyewe ukichelewa. Mtu anayesikiliza polepole anatupwa nje kabla hajafika kwenye kiasi. Kwao suluhisho ni la zamani na bado ni zuri: namba ya kupiga, sauti ya Kiswahili inakuelekeza, na wewe unabonyeza vitufe. Kabambe ina kitu ambacho simu ya skrini haina: kile kidoti kwenye kitufe cha 5. Kidole kikishakipata, kinajua namba zote nyingine ziko wapi.

Haya yote si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Noti mpya za 2019 zilikuja na alama za kumsaidia asiyeona kutofautisha hamsini na elfu moja. Kama noti ya karatasi imefikiriwa hivyo, pesa ya simu haina sababu ya kubaki nyuma.

Kwa hivyo, kwa watoa huduma wote, sisi tukiwemo, tunaona kazi ni hizi: kila kitufe kwenye programu kiwe na jina ambalo kisoma skrini kinaweza kutamka, si "kitufe, kitufe, kitufe". Muda wa USSD uongezwe. Meseji ya kuthibitisha ianze na kiasi na jina, mambo ya namba ndefu ya muamala yaje baadaye. Na wasioona waitwe kujaribu programu kabla haijatoka, wasingojwe kulalamika ikishatoka.

Kwa ajenti: mteja akikupa simu, msomee meseji, lakini PIN mwache aibonyeze mwenyewe. Akianza kuitaja, mkatize kwa heshima: "Usiniambie, cucu. Bonyeza tu hapa, mimi naangalia kando."

Na kwako msomaji: wikendi hii, ukienda kuwaona wazazi, usiishie kuwatumia pesa tu. Kaa nao nusu saa. Kuza maandishi kwenye simu yao, weka sauti ya Kiswahili, washa TalkBack kama macho yamechoka, na mfanye majaribio ya shilingi kumi mpaka waweze peke yao. Kisha, kama PIN yao unaijua, waambie waibadilishe, na wakiibadilisha geuka uangalie pembeni.