Hedifoni ya milioni

Kalamu ya Ngosha

Kuna hesabu inazunguka vijiweni tangu Katoro mpaka Kahama, na wiki hii imenifika hapa Geita. Inasema kijana akipata mgawo wake wa mawe ya dhahabu na karasha, mashine ya kuyasaga, likajibu vizuri, asihangaike na hedifoni mbili tatu za bei ya kati. Anunue moja tu, ile ya bei mbaya, amalize kazi. Wanaoitetea huisema kwa utulivu wa wazee wa baraza, na walioketi huitikia kwa vichwa. Mimi nasema hesabu hiyo ni mbovu, na hapa kwetu ni mbovu kuliko ilivyo Dar es Salaam au Dubai.

Bei ndiyo inayowalewesha watu, basi tuanze nayo. Hedifoni ya Sony WH-1000XM5 ilipotoka Mei 2022 iliuzwa dola 400 Marekani. Kwa shilingi zetu hiyo ni milioni moja hivi, kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya mwenye duka. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mtumishi wa ngazi hiyo angefunga kula miezi miwili ili aivae. Na angepata nini hasa? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani. Alitazama namna kila moja inavyotoa sauti nzito, za kati na nyembamba, kisha akaweka vipimo hivyo pembeni ya bei za dukani. Hakuona uhusiano wowote. Vipimo vya sauti havikukuambia ipi ni ya laki moja na ipi ni ya milioni. Pesa ya ziada hununua vitu vingine: ulaini wa mto unaokaa sikioni, teknolojia ya kupunguza kelele, na jina. Sidharau jina, lakini jina halisikiki.

Haya, tuseme Breebaart kakosea na hedifoni ya milioni ina sauti ya peponi. Sauti hiyo itoke wapi? Nyimbo za Kisukuma tunazozipenda husafiri kwa memori kadi, kwa Bluetooth na kwa WhatsApp, nakala ya nakala ya nakala, nyingi zikiwa mp3 iliyobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde au chini yake. Kwa kiwango hicho sauti nyembamba za juu kabisa hukatwa ili faili liwe dogo, na kilichokatwa hakirudi hata ukivaa hedifoni ya sultani. Sony wenyewe wana mfumo wao wa LDAC unaoweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, ambao ni mzuri kweli kwa mwenye muziki wa kuujaza. iPhone haina LDAC kabisa, kwa hiyo yule aliyeunganisha hedifoni hiyo na iPhone ili picha ikamilike amelipia bomba ambalo simu yake haiwezi kulifungua. Zeze lililorekodiwa kwa simu kwenye harusi ya Nyarugusu lina utamu wake usio na mfano. Utamu huo uko kwenye sauti za kati, na hedifoni ya laki na nusu inazifikisha bila taabu.

Kisha kuna nchi yenyewe. Hedifoni hizi kubwa za bei juu, nyingi hazina daraja lolote la kuzuia vumbi wala maji. Zimetengenezwa kwa ajili ya ofisi na ndege. Zilete Geita mwezi Agosti, barabara ikiwa nyekundu na jasho likitiririka, uone mito ya ngozi ya bandia inavyobanduka vipande. Betri nazo ni za lithiamu, na kila betri ya namna hiyo huchoka kwa kadiri inavyochajiwa, iwe ndani ya kifaa cha bei gani. Ikifa, fundi simu wa Runzewe ni hodari, simbishi, lakini vipuri vyake atavipata wapi? Na usiku ikiibwa, imeibwa yote. Wazee wa Kisukuma walilijua hili zamani. Mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote kwenye boma moja. Wengine aliwaweka kwa ndugu na marafiki vijiji vya mbali, ili ugonjwa ukipita au wezi wakija pasiwe na asubuhi ya kuamka maskini. Wajukuu zao leo wanaufunga utajiri wote shingoni na kupanda nao bodaboda.

Najua jibu la wenye busara kidogo zaidi: hedifoni ya bei juu hupunguza kelele, kwa hiyo mtu husikiliza kwa sauti ndogo na kulinda masikio. Hoja hii naiheshimu. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 muda salama unashuka hadi saa 4. Anayeongeza sauti ili azidi karasha anajichimbia uziwi bila kudai mgawo. Ila teknolojia hiyo si mali ya matajiri tena. Mhandisi Amar Bose aliipata fikra yake akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na miaka mingi ilibaki ya abiria wa bei juu; siku hizi imo hata kwenye hedifoni za bei ya kati. Nayo hufanya vizuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika kama wa injini, lakini kishindo cha ghafla na mlio wa chuma kwa chuma hupita. Kwa hiyo anayefanya kazi kando ya karasha anahitaji vizuia kelele vya kazini, vile ambavyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kumlinda navyo. Hedifoni ya muziki, hata ya milioni, si kifaa cha kinga.

Wengine watanikumbusha kwamba rahisi ni ghali. Kweli, na ndiyo maana sizungumzii zile za elfu tano zinazokufa sikio moja kabla ya Jumapili. Nazungumzia bei ya kati. Sony hao hao walitoa MDR-7506 mwaka 1991, yenye waya, na mpaka leo inauzwa kwa dola mia moja hivi na kutumika studio na vituo vya redio duniani. Mito yake ikichakaa unabadilisha. Waulize pia wanaotembea porini na mashine za kutambua dhahabu. Kwao hedifoni ni jembe, na wengi hushikilia waya, kwa sababu Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, na mkono unaofagia ardhi utakuwa umeshapita jiwe. Kwa hiyo moja ya waya, moja ndogo ya safarini inayostahimili jasho, na ukipenda moja kubwa ya nyumbani. Zote tatu kwa nusu ya bei ile, na kila moja ina kazi yake.

Imebaki ile ya mwisho, "ni hela yangu." Sawa, ni yako. Mwenye chumba kimya, simu inayofaa, muziki usiobanwa na nia ya kuketi kusikiliza, anunue na Mungu ambariki. Wengi ninaowasema hapa hawana hata kimoja, na hedifoni yao hukaa shingoni, imezimwa, ikitazamwa. Kama haja ni shingo kutazamwa, milioni hiyo wampelekee sonara wa Geita. Atawapa mkufu mwembamba wa dhahabu ya hapahapa, usiodai chaji, na siku ya shida wanunuzi wako jirani.